Shingo ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi. Miaka tisa ya ndoa yangu sikuwahi kuuona uso wake, naye hakuwahi kuuona wangu, wala hatukuwahi kusemeshana. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Rungwe: mke wa mwana hamtazami baba wa mume. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye migomba. Akiingia kwa mlango wa mbele, unatoka kwa wa nyuma. Naye, kama ni mtu wa adabu, anakohoa kabla ya kukata kona, usije ukakutwa na aibu umeshika ufagio katikati ya uwanja. Mzee Andwele alikuwa na adabu kuliko wote. Alianza kukohoa tangu mbali.

Wakati huo wengi walikuwa wameshaacha mambo hayo, hasa sisi tuliobatizwa na kwenda shule. Mimi sikuacha. Si kwamba nilikuwa mpole. Aulizwe mume wangu Asajile. Ila siku naolewa mama aliniambia, "Atusaye, una mdomo. Angalau kwa mkwe wako uwe na heshima." Nikaona hilo naliweza, maana mkwe mwenyewe alikuwa Rungwe na sisi tulihamia Ufipa.

Tulikaa katika kijiji cha ujamaa karibu na Msanzi. Huu ulikuwa mwaka wa sabini na sita. Asajile alikuwa bwana shamba. Kazi yake ilikuwa kuwaambia Wafipa walime kwa mistari, na kazi ya Wafipa ilikuwa kumsikiliza kwa heshima, kisha kwenda kulima matuta yao ya mviringo na kuvuna kumzidi. Mimi nilikuwa nesi wa zahanati. Kazini tulikuwa watatu: Daktari Zenon, ambaye kwa cheo hakuwa daktari, lakini hakuna aliyethubutu kumwita vingine, Kalista, mama wa makamo mzaliwa wa hapo hapo, mhudumu na mkunga, na mimi, niliyekuwa najiandaa kwa mtihani wa kupanda daraja.

Katika mtihani huo kulikuwa na mishipa ya kichwa na shingo, na mishipa hiyo ilinitoa machozi. Daktari Zenon hakuwa na picha ya ukutani. Alikuwa na shingo yake mwenyewe, ndefu na nyembamba. Alifungua kola, akachukua kalamu ya wino, akachora juu ya ngozi yake huku akijitazama kwenye kioo cha kunyolea.

"Ateri hupeleka, vena hurudisha," alisema. "Damu ikimaliza kazi kichwani inashuka. Ndani ya fuvu inakusanyika kwenye mifereji mipana, inatoka chini nyuma ya sikio, inakuwa mshipa mmoja mkubwa. Njiani mshipa huo unapokea damu ya uso, ya ulimi na ya koo. Huu mwingine wa nje, unaouona ukisimama juu ya msuli wa shingo mtu akiimba kwaya, ni mdogo wake. Huo unaleta damu ya ngozi ya kichwa. Yote inakwenda nyuma ya mtulinga, mfupa huu wa chini ya shingo, halafu moyoni."

Nikaandika. Akangoja nimalize.

"Sasa sikiliza. Mshipa mkubwa wa kushoto unapinda kabla ya kufika. Wa kulia hauna kona, unashuka wima mpaka kwenye moyo. Kwa hiyo moyo ukichoka, damu inarudi nyuma na kupanda kwenye huo wa kulia, kama maji ya mfereji ulioziba. Mwegemeze mgonjwa, asilale wala asikae wima. Mgeuze kichwa kidogo kushoto, mwanga umpige pembeni. Hesabu vidole kutoka kwenye mtulinga kwenda juu. Mtu mwenye afya huoni kitu. Ukihesabu vitatu au vinne, moyo umezidiwa."

Nikamwuliza kama naweza kuupapasa. Akacheka.

"Ateri unaishika kwa kidole. Vena ukiigusa inapotea. Vena hutazamwa tu."

Hilo nalo nikaliandika, nikalipigia mstari.

Mwezi wa saba, upepo wa Ufipa ukiwa umeshaanza kupasua midomo ya watu, Mzee Andwele akaja bila barua. Alipanda basi mpaka Tunduma, jingine likampitisha Laela mpaka Sumbawanga, na Sumbawanga akapata lori. Nilikuwa jikoni nilipokisikia kikohozi barazani. Nikatoka kwa mlango wa nyuma na unga mikononi.

Tulimpa chumba cha mbele, tukaanza kuishi kwa masikio. Akitaka kwenda chooni anakohoa, mimi napotea. Akirudi anakohoa. Asubuhi anakohoa, mchana anakohoa, nami kila mara najibanza jikoni nikijisemea, mzee huyu anajua heshima. Chakula alipelekewa na Asajile. Na kwa kuwa sikuwa na njia nyingine ya kumwonyesha kwamba amefika kwa watu, nilimpikia kila siku samaki wa chumvi kutoka Kasanga, migebuka minono, kwa ugali wa ulezi. Siku ya tatu nilimwambia Asajile, "Baba yako ananiheshimu mno. Hata akiwa amekaa anakohoa." Asajile akatabasamu kwa fahari. Mungu atusamehe sote wawili.

Siku ya nne, Jumatano, mzee alitoka kuota jua, nikaingia kufagia chumba chake. Kitanda hakikuwa kimelaliwa. Shuka lilikuwa vilevile nilivyolitandika siku aliyofika. Kiti kilikuwa kimeegemezwa ukutani, blanketi juu yake, na nyuma, mahali pa mgongo, mfuko wa ulezi. Viatu vyake vilikuwa chini, kamba zote zimetolewa, na kimoja kimepasuliwa kwa kisu ili mguu upite.

Nikasimama na ufagio wangu. Watu hulala wameketi kwa sababu mbili tatu tu, na hakuna iliyo nzuri. Huko nje akakohoa tena. Safari hii nilimsikiliza kama nesi. Kilikuwa kikohozi kifupi, cha majimaji. Mzee alikuwa ametulia kwenye kigoda chake, hakuwa na kona ya kukata wala mkwe wa kumwonya. Siku nne mtu amekuwa akiugua sikioni mwangu, nami nikamhesabia adabu.

Sikupata hata muda wa kufikiri. Saa nne alianguka akitoka chooni. Asajile na jirani yetu Oswaldi wakambeba mpaka zahanati, mimi nikipitia nyuma ya nyumba za watu, kwenye mashina ya mahindi yaliyovunwa, nikafika kabla yao. Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha wagonjwa na chumba kidogo cha dawa, katikati kiambaza cha mbao kisichofika darini. Nikaingia upande wa dawa. Daktari Zenon alikuwa ameondoka Jumatatu kwenda Sumbawanga kuchukua dawa za miezi mitatu, arudi Ijumaa.

Nikamsikia Kalista akisema shikamoo, na mzee akiitikia marahaba kwa shida. Muda si mrefu Kalista akaja kwangu.

"Nesi, mzee amekauka. Midomo imekauka, ulimi umekauka. Asajile anasema jana alitapika, leo hajagusa kitu. Tumtundikie chupa."

Chupa za maji ya kutundika zilikuwa zimebaki mbili, za wakati wa masika, kijiji kilipopigwa na kuhara. Kalista aliona kwa macho yake watu waliokwisha kuandaliwa sanda wakiinuka kwa chupa hizo. Kijiji kizima kiliamini hivyo, na hakikukosea.

"Na kama ni moyo?" nikamwuliza.

"Ni moyo ndiyo nini?"

"Moyo ukiwa umezidiwa, maji tutakayomtia yatamjaa mapafuni. Tutamzamisha palepale kitandani."

Asajile alikuwa amesimama mlangoni, chupa tayari mkononi. "Na kama si moyo?"

"Basi ni maji yamemwishia kweli, na bila chupa huenda asifike kesho."

"Utajuaje?"

"Kuna mshipa shingoni, upande wa kulia. Ukijaa, ni moyo. Ukiwa mtupu, mtundikie. Nenda ukatazame."

Akaenda. Akarudi amefurahi. "Unapiga vizuri sana, nimeuhisi kwa kidole."

"Hiyo ni ateri. Nani kakuambia ushike?"

Akaenda tena. Safari hii akamlaza baba yake chali ili aone vizuri, na mzee karibu akate pumzi. Mtu yeyote ukimlaza chali mshipa unajaa, hata mtoto. Asajile akarudi jasho likimtoka na baridi yote ile. "Atusaye, siwezi kumkodolea baba yangu shingo kama vile nanunua ng'ombe," akasema. Nikaona machozi yanamlengalenga, nikaacha kumfokea.

Nikamtuma Kalista. Akakaa kidogo, akarudi. "Naona mishipa."

"Mingapi?"

"Ya kutosha."

"Kalista."

"Nesi, mimi hilo sikufundishwa. Naona shingo ya mzee, basi. Lakini ninyi Wanyakyusa mna mambo. Mtu anakufa, na aliyefundishwa kajificha na vidonge. Sisi Wafipa tungekuwa tumemtazama, tumemtibu, aibu tungeionea baadaye."

Nililia kwa hasira. Niliwakasirikia wote, na mama yangu, na zaidi nilijikasirikia mimi. Kutoka pale nilipo mpaka kitandani zilikuwa hatua nne. Sikuogopa laana; hayo nilikuwa nimeyaacha kanisani. Nilichoogopa ni kwamba mtu huyu alinilindia heshima yangu miaka tisa, kona kwa kona, na sasa hawezi hata kuketi mwenyewe, shati liko wazi, mate kidevuni. Nikiingia na akifa, atakuwa amekufa nimemwona hivyo. Na nisipoingia, atakufa kwa heshima. Nilishika ubao wa kiambaza nikashindwa kuuachia.

Ndipo akakohoa. Mara mbili, polepole, kama anavyokohoa kwenye kona.

"Asajile," mzee akasema huko ndani. Alikuwa akivuta pumzi kila baada ya neno moja au mawili. "Mwambie mwanangu aliye nyuma ya mbao. Mimi si kiziwi."

Asajile akanitazama.

"Mwulize anataka kutazama nini."

"Shingo, baba," Asajile akajibu.

"Uso hautaki?"

"Hautaki, baba."

Akapumzika kidogo. "Basi mwulize kama ana kanga."

Nilikuwa nimejifunga moja kiunoni, ya njano yenye maua meusi. Kona yake moja iliungua na pasi ya mkaa, ndiyo maana nilikuwa naivalia kazini. Nikaifungua, nikairusha juu ya kiambaza. Nikasikia mzee akimwelekeza Kalista amfunike kichwa, asibane puani. Kisha akasema, sasa kwa sauti ya mtu aliyemaliza shauri, "Mwambieni aje. Mkwe ni uso. Hapa pana shingo tu."

Nikaingia. Kanga ilikuwa ikipanda na kushuka mdomoni mwake haraka haraka. Nikamwomba Kalista amwegemeze kwenye magodoro mawili, amgeuze kichwa kidogo kushoto, afungue dirisha lote. Mwanga ukaja pembeni. Nikapiga magoti upande wa kulia.

Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa mshipa. Chini ya sikio kulikuwa na mikunjo miwili ya ngozi, na kati yake doa dogo jeusi, sawasawa na la Asajile, ambalo nimelala nikilitazama miaka tisa. Kumbe shingo hii nilikuwa naifahamu. Moyo ukanilainika palepale, nikaanza kumpenda mzee yule kabla hata sijamtibu.

Halafu nikauona mshipa. Ulikuwa ndani, nyuma ya msuli, ukitikisika mara mbili kwa kila pigo, laini, mpaka karibu na sikio. Nikamwomba Kalista aweke kidole hapo chini, taratibu. Ukapotea. Akaondoa, ukarudi. Nikapanga vidole vyangu hewani, bila kumgusa, kutoka kwenye mtulinga kwenda juu. Vinne na nusu.

"Ni moyo," nikasema. "Rudisheni chupa kabatini."

Asajile alikuwa bado ameikumbatia chupa ile. Alinitazama, akatazama kanga inavyohangaika, akanitazama tena. Kisha akaenda kabatini akairudisha kwa mkono wake mwenyewe, akafunga mlango. Siku ambayo naulizwa kwa nini nimedumu na mwanamume huyo, huwa nawasimulia kabati lile.

Katika dawa za Zenon kulikuwa na vidonge vya kukojosha. Tulimpa, tukamketisha, miguu chini. Chumvi nikaipiga marufuku. Hapo ndipo nilipokumbuka migebuka yangu. Chumvi huyavuta maji yabaki mwilini, hilo nilikuwa nalijua tangu mwaka wa kwanza wa masomo. Heshima niliyompikia siku nne ndiyo iliyokuwa ikimjaza. Nilikwenda nyuma ya zahanati nikalia tena, safari hii bila hasira.

Kufika saa kumi alikuwa amejaza beseni mara mbili, na kanga imeanza kutulia mdomoni. Ijumaa Daktari Zenon akarudi, akamtazama shingo kwa muda mrefu. "Vidole vitatu. Vilikuwa vingapi?"

"Vinne na nusu."

"Kama mngemtundikia chupa," akasema, "ningemkuta amefunikwa mwili mzima."

Alimpeleka Sumbawanga akaanzishiwa dawa ya moyo. Baada ya wiki mbili mzee akarudi kwetu, na ukawa utaratibu. Kila asubuhi anaketi karibu na dirisha, anaegemea, anajifunika kanga mwenyewe, kisha anakohoa mara moja. Kikohozi kile sasa kilikuwa cha adabu kweli. Mimi naingia, nahesabu, namwambia Asajile, na Asajile anamwambia baba yake aliyekuwa umbali wa mkono mmoja. Kalista alikuja siku moja kushuhudia, akacheka mpaka akashika mlango. Vitatu. Viwili na nusu. Viwili. Wiki nzima viwili, nikakosa raha. Kisha kimoja.

Asubuhi moja niliutafuta sikuuona. Nikabadilisha mwanga, nikainama zaidi, hakuna. Ulikuwa umeshuka chini ya mfupa, mahali pake.

"Umeshuka wote, baba," nikasema.

Nilikuwa nimemsemesha. Asajile akaganda kama aliyesikia sahani inavunjika. Mimi nikaziba mdomo, maji yameshamwagika. Kanga ikatikisika kidogo, sikujua ni kucheka au ni nini.

"Ndaga, mwanangu," akasema. Asante, kwa lugha yetu.

Hakuifunua. Ningemtazama siku ile kama angeifunua, nilikuwa tayari, na nadhani alijua. Alibaki amejifunika mpaka nilipotoka, na nilimshukuru kwa hilo. Siku ya kuondoka alimwambia Asajile amwombee kanga kwangu, aende nayo.

Aliishi miaka miwili zaidi. Simu ya maandishi ilifika mwezi wa sita, tukapanda basi kurudi Rungwe. Msibani, wake wa wana tuliketi nyuma ya nyumba, tumeipa kisogo. Nililia nikiwa natazama migomba. Nilijiambia kwamba yamerudi kama yalivyokuwa, na pengine ndivyo inavyotakiwa.

Mama mkwe akaja akanigusa bega. "Njoo ndani. Ameacha maneno juu yako."

Nikamfuata nikiwa nimeinamisha kichwa. Chumba kilikuwa kimejaa wazee, hakuna aliyenizuia. Niliogopa kuinua macho, nikaona kwanza ncha ya kitambaa iliyoning'inia kitandani, nyeusi kwa kuungua. Uso wake ulikuwa umefunikwa kanga ya njano, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Alisema tumfunike hii," mama mkwe akasema, "ili mke wa Asajile apate kukaa karibu."

Walikuwa wameweka kigoda kichwani pake, upande wa kulia. Nikakaa. Mikunjo miwili ilikuwepo, na doa lilikuwepo. Nilitazama kama nilivyofundishwa, kuanzia kwenye mtulinga kwenda juu, kwa muda mrefu, na hapakuwa na cha kuhesabu. Kisha nikanyoosha mkono nikaiwekea shingo ile kiganja, kwa sababu sasa hapakuwa tena na kitu ambacho kingepotea nikikigusa.